Mashini yako haijazeeka: iko na kazi ambayo haijawahi kuisha

 

Miezi ya kudepoze TFC na memwari ikifika, kuna lalamiko moja linalozunguka kila mahali: "Mashini yangu imekuwa nzito." Unafungua Word, dakika tano inazungusha tu kale kaduara. Unaandika sentensi, herufi zinatokea wewe ukiwa umeshamaliza. Ventilateri inalia bila kupumzika. Forfe uliyonunua asubuhi imeisha, na hata ujumbe wa direkta wako hujaufungua.

Hapo wenzako wanakupa majibu matatu. Wa kwanza anasema: "Iko na virusi." Wa pili: "Imezeeka hiyo, tafuta ingine." Wa tatu: "Peleka kwa fundi, aiformati." Hilo la tatu ndilo linaumiza watu zaidi. Mashini ikiformatiwa kabla ya kuhifadhi, kila kitu kilichokuwa ndani kinaondoka: sura za memwari, picha za shamba, tablo za mavuno za msimu mzima. Sisi wa agronomia tunajua kwamba msimu uliopita hauwezi kupimwa tena eti kwa sababu faili ya Excel imepotea.

Kuna sababu ya nne ambayo watu hawaifikirii, na mara nyingi ndiyo yenyewe: Windows iko inashusha na kupanga maboresho yake nyuma ya ekrani, yale yanayoandikwa "mises à jour". Kwa namna tunavyopata umeme na intaneti hapa kwetu, kazi hiyo haifikii mwisho. Kila siku inaanza, inakatwa, kesho inaanza tena. Kwa hiyo dawa yake si kuiua. Dawa ni kuipa usiku mmoja kwa mwezi imalize kazi yake, na siku zingine kuifungia mlango. Nieleze hatua kwa hatua.

1. NINI KINAFANYIKA NYUMA YA EKRANI

Microsoft inatoa maboresho makubwa ya Windows mara moja kwa mwezi, Jumanne ya pili. Kwa saa za Uvira, yanatoka jioni, kwenye saa moja au saa mbili. Kuanzia usiku huo na siku zinazofuata, kila mashini inayogusa intaneti inaulizia: "Kuna kipya?" Kikiwepo, inaanza kushusha.

Kushusha kunakula mega zako. Lakini uzito wa mashini unakuja hasa baadaye, wakati wa kupanga. Boresho moja lina mafaili madogo maelfu. Windows inafungua kila faili, inalilinganisha na la zamani, inahifadhi la zamani kando ili iweze kurudi nyuma kama mambo yakiharibika, halafu inaweka jipya. Pembeni, kinga ya virusi ya Windows yenyewe, Defender, inakagua mafaili hayo hayo wakati yanapita.

Waliolima mpunga kwenye bonde la Ruzizi wataelewa haraka. Mfereji ni mmoja. Jirani wa juu akifungua maji yote yaingie kwake, shamba lako la chini linakauka hata kama mto umejaa. Ndani ya mashini, mfereji huo ni diski. Mashini nyingi za okazioni zinazotufikia zina diski ya zamani, ile ya sahani inayozunguka, mara nyingi mizunguko 5400 kwa dakika, na kasindano kanachoruka huku na huku kusoma. Kasindano hako ni kamoja. Kama kanahudumia mafaili maelfu ya maboresho, Word yako inapanga mstari. Ndiyo maana unaweza kukuta akili ya mashini, yaani prosesa, imekaa bila kazi kubwa, na bado kila kitu kimekwama.

2. KWA NINI HAPA KWETU HAIISHI

Waliotengeneza Windows waliwaza mtu mwenye umeme saa 24 na intaneti ya nyumbani isiyohesabiwa. Kwenye Windows 10, saa ya matengenezo ya ndani imewekwa tangu kiwandani: saa nane ya usiku, mashini ikiwa imechomekwa kwenye umeme na hakuna anayeitumia. Sasa angalia maisha yetu.

Usiku mashini imezimwa. Labda hakuna umeme, labda umeificha sababu ya wezi, labda unaogopa umeme ukirudi kwa nguvu utaunguza shaja. Kazi ya saa nane ya usiku haikufanyika, kwa hiyo Windows inaitafutia nafasi mchana. Ukiamka kwenda kunywa maji, inaanza.

Mchana nao, umeme uko wa kubahatisha. Batri za mashini za okazioni nyingi zimechoka, zinashika dakika chache tu. Umeme ukikatika, mashini inazimika palepale. Hapa tutofautishe vitu viwili. Kushusha kukikatwa, kwa kawaida kunaendelea pale kulipoachia. Lakini kupanga kukikatwa katikati, Windows inaogopa kubaki nusu mpya nusu ya zamani. Ukiwasha tena, inakuambia imeshindwa na inarudisha kila kitu nyuma. Kurudisha nyuma peke yake kunaweza kula saa nzima. Kesho yake inajaribu tena.

Jambo la tatu ni intaneti ya simu. Wengi wetu tunatumia Wi-Fi ya simu zetu. Mashini ikiona Wi-Fi, haijui kwamba nyuma yake kuna forfe ya mega 500. Inafikiri ni intaneti ya nyumbani isiyo na mwisho, na inakunywa. Mega zinaisha kabla boresho halijakamilika. Ukinunua zingine, zinamalizikia pale pale.

Ukiunganisha hayo matatu, unapata mashini ambayo kila siku iko katikati ya kazi ileile, miezi sita mfululizo, na wewe unasema imezeeka.

3. HAKIKISHA KWANZA, USIBAHATISHE

Finya kwa pamoja Ctrl, Maj na Échap. Dirisha linafunguka, linaitwa "Gestionnaire des tâches". Likiwa dogo, finya "Plus de détails" chini. Utaona safu za namba: Processeur, Mémoire, Disque, Réseau. Finya juu ya neno "Disque", programu zinazokula diski zaidi zinapanda juu.

Kama Disque iko 90 mpaka 100 kwa mia kwa dakika nyingi, soma majina yaliyo juu. Haya ndiyo ya kutafuta:

– Windows Modules Installer Worker, au TiWorker.exe: huyu ndiye anapanga maboresho.
– Hôte de service yenye maneno Windows Update: huyu anatafuta na kushusha.
– Antimalware Service Executable: huyu ni Defender, anakagua.
– Microsoft Compatibility Telemetry: huyu anakusanya habari za mashini na kuzituma.

Ukiwakuta hao juu, umepata jibu. Kama una wasiwasi kwamba ni virusi vilivyojipa jina la heshima, finya jina kwa kitufe cha kulia cha souris, chagua "Ouvrir l'emplacement du fichier". TiWorker wa kweli anakaa ndani ya C:\Windows. Ukimkuta kwenye dosiye ya "Téléchargements" au kwenye fleshi, huyo si wa Windows, shughulika naye kama virusi.

Kwa upande wa mega, ingia "Paramètres", kisha "Réseau et Internet", tafuta "Utilisation des données". Pale kuna orodha ya nani alikula mega ngapi. Kama "Système" iko juu ya Chrome yako, hapo ndipo forfe ilipoenda.

4. KAMA UKO NA KAZI YA KUTOA LEO

Umeitwa na direkta saa tisa, na mashini imekwama. Fanya hivi, kwa mpangilio huu.

Kwanza, hifadhi. Weka kopi ya kazi kwenye fleshi, na ingine ujitumie kwa barua pepe. Usifanye kitu kingine kabla ya hapo.

Pili, simamisha kushusha. Kwenye Windows 10: "Paramètres", "Mise à jour et sécurité", "Windows Update", kisha "Suspendre les mises à jour pendant 7 jours". Kwenye Windows 11, Windows Update iko moja kwa moja ndani ya "Paramètres".

Tatu, usimuue TiWorker kwa nguvu. Mara nyingi anarudi mwenyewe, na ukimkata katikati ya kupanga unaweza kuishia kwenye ile hadithi ya kurudisha nyuma. Kuzima Wi-Fi nako hakumsimamishi, sababu alichokuwa anahitaji kimeshashuka. Kama ameshaanza, mpe saa moja huku ukisahihisha kazi kwenye karatasi.

Nne, akishatulia, chagua "Redémarrer". Nimesema "Redémarrer", si "Arrêter". Watu wengi hawajui tofauti. Mashini nyingi zina kitu kinaitwa "démarrage rapide": ukichagua Arrêter, Windows haizimiki yote, inahifadhi sehemu ya ndani ili kesho iwake haraka. Ukichagua Redémarrer, inafunga kila kitu na kuanza upya. Maboresho mengi yanangoja hiyo tu ili yamalizike. Kuna mtu mwaka mzima anafunga kifuniko au anafanya Arrêter, na mwaka mzima maboresho yanangoja mlangoni.

5. FUNGA MLANGO WA MEGA

Hii ni ya kufanya leo, hata kama mashini yako haina shida. Iambie Windows kwamba intaneti ya simu yako inahesabiwa.

Unganisha mashini na simu. Kwenye Windows 10: "Paramètres", "Réseau et Internet", "Wi-Fi", finya jina la simu yako, shuka mpaka "Définir comme connexion limitée", weka "Activé". Kwenye Windows 11 utaikuta ndani ya "Propriétés" za Wi-Fi hiyo, imeandikwa "Connexion limitée".

Kuanzia hapo, Windows haishushi maboresho makubwa kupitia simu hiyo bila ruhusa yako. Vitu vidogo vya lazima vinaweza kupita, lakini lile mto la mega limefungwa. Angalia neno hili: mpangilio huu unashika jina moja la Wi-Fi. Ukibadilisha simu, au ukibadilisha jina la Wi-Fi ya simu, au ukiazima simu ya dada yako, lazima urudie.

Halafu tafuta "Optimisation de la distribution" kwenye kurasa za Windows Update. Humo kuna ruhusa ya kubadilishana vipande vya maboresho na mashini zingine. Kama imewekwa kwa mashini za intaneti yote, mega zako zinaweza kutumika kumhudumia mtu usiyemjua. Iweke kwenye mashini za mtandao wa ndani tu. Hiyo ya ndani usiizime, nitaeleza faida yake.

6. USIKU MMOJA KWA MWEZI

Sasa tumefunga mlango. Lakini kazi bado iko, na lazima ifanyike. Chagua siku moja kwa mwezi, wiki moja hivi baada ya Jumanne ya pili. Iandike kama unavyoandika siku ya kulipa kodi ya nyumba.

Usiogope kwamba miezi iliyopita itakuja yote kwa pamoja. Maboresho ya kila mwezi yanabeba ndani yake yale yaliyotangulia. Aliyekosa miezi minne, kwa kawaida, hashushi mara nne, anashusha lile la mwisho. Uzito wake ni mamia ya mega, mara nyingine inapita giga moja. Toleo jipya kabisa la Windows ndilo linafika giga kadhaa.

Sababu kushusha na kupanga ni kazi mbili, unaweza kuzitenganisha. Kushusha kunahitaji intaneti ya bei nafuu: Wi-Fi ya chuo, ya ofisi ya rafiki, au forfe ya usiku kama mtandao wako unaiuza. Umeme ukikatika hapo, si msiba. Kupanga kunahitaji umeme wa uhakika: mahali penye batri za sola, jenereta, au onduleri. Hapo intaneti haihitajiki sana. Kama batri yako imekufa, usikubali kupanga kuanze nyumbani wakati wa mvua na radi.

Siku yenyewe iende hivi:

– Hifadhi kazi zako nje ya mashini.
– Angalia nafasi kwenye diski C. Ikiwa chini ya giga 15, ondoa filamu kwanza. Boresho lisilo na nafasi linashindwa na kuanza upya kila siku.
– Chomeka shaja, jaza batri. Kwenye "Alimentation et mise en veille", weka mashini isilale ikiwa imechomekwa.
– Ondoa lile zuio la siku 7, finya "Rechercher les mises à jour", uache ishushe.
– Ukiwa na umeme wa uhakika, finya "Redémarrer maintenant". Asilimia zikikaa kwenye 30 nusu saa, usiguse.
– Ikiwaka, rudi ufinye "Rechercher" tena. Rudia mpaka iseme "Vous êtes à jour".
– Iache imewaka saa moja zaidi bila kuigusa, imalize usafi wake wa ndani na ukaguzi wa Defender.
– Rudisha mlango wa mega kama ulivyokuwa.

Kesho yake fungua Word. Kama shida ilikuwa hiyo, utaona tofauti.

Kwa wale wanaokaa pamoja, kuna faida ya ziada. Mashini zikiwa kwenye Wi-Fi moja, na "Optimisation de la distribution" imewekwa kwa mtandao wa ndani, iliyotangulia kushusha inaweza kuwagawia zingine. Giga haihesabiwi mara tano kwa watu watano.

Na kuna njia ya fleshi. Microsoft ina ukurasa unaoitwa Microsoft Update Catalog, ambapo unashusha boresho kama faili moja ya .msu. Kila mtu afinye kitufe cha Windows na R, aandike winver, asome toleo lake. Wenye toleo moja wanaweza kutumia faili moja: mmoja anashusha, wengine wanapokea kwenye fleshi na kufinya mara mbili. Chama chetu kikipanga jioni moja ya namna hiyo kila mwezi, mahali penye umeme wa uhakika, watu kumi watatoka na mashini zilizomaliza kazi kwa mega za mtu mmoja. Napendekeza tulizungumzie kwenye mkutano ujao.

7. IKIKWAMA KABISA

Kuna wakati boresho limeharibika ndani, linajaribu kila siku na linashindwa kila siku hata ukiipa umeme. Hapo tunatupa lililoshushwa na kuanza na dosiye safi. Kwenye kitafutio andika cmd, finya kwa kulia "Invite de commandes", chagua "Exécuter en tant qu'administrateur". Andika mstari mmoja mmoja, kila mmoja ufuatiwe na Entrée:

net stop wuauserv
net stop bits
ren C:\Windows\SoftwareDistribution SoftwareDistribution.old
net start bits
net start wuauserv

Mbili za kwanza zinasimamisha wanaoshusha. Ya tatu inabadilisha jina la dosiye yenye vipande vilivyoharibika. Mbili za mwisho zinawaamsha, na Windows inatengeneza dosiye mpya. Kazi zako binafsi haziguswi. Ila jua kwamba utashusha tena kutoka mwanzo, kwa hiyo fanya hivyo siku ya intaneti nafuu.

Isipotosha, dirisha lilelile:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth
sfc /scannow

Ya kwanza inaweza kuomba mafaili kutoka intaneti, ya pili inafanya kazi bila intaneti. Zote zinachukua muda mrefu. Ukishamaliza haya yote na bado, ndipo twende kwa fundi. Na sentensi ya kwanza kwa fundi iwe: "Nina kopi ya kazi zangu, lakini usiformati kabla hatujaongea."

8. "SI TUIZIME TU KABISA?"

Najua kuna anayewaza hivyo. Kuna mafundi wanaozima Windows Update moja kwa moja, na mashini inapata nafuu siku hiyohiyo. Kuna pia Windows za crack ambazo zinakuja zimezimwa tayari. Mtu anafurahi.

Mwaka 2017, tarehe 14 Machi, Microsoft ilitoa boresho lililoziba tundu moja kwenye Windows. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo, virusi vya WannaCry vilipitia tundu hilohilo. Ndani ya siku chache viliingia kwenye mashini zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, vikafunga mafaili na kudai pesa. Hospitali nyingi za Uingereza zilirudisha wagonjwa nyumbani. Nyingi ya mashini zilizopigwa zilikuwa na Windows 7 ambazo hazikupokea boresho hilo.

Hesabu siku: kati ya 14 Machi na 12 Mei ni siku 59. Aliyekuwa anatoa usiku mmoja kila mwezi alikuwa na kinga tayari. Hakuhitaji kuboresha kila siku, wala kuwa na intaneti ya Ulaya.

Sisi tuko na hatari nyingine tena: fleshi. Fleshi moja inapita kwenye mashini ya kuprinti, kwenye siberi, kwa direkta, kwa wanafunzi watano, na inarudi kwako. Mashini ambayo haijaboreshwa miaka miwili inapokea kila kitu. Na zile kopi nilizosema si kwa ajili ya virusi peke yake. Mafuriko ya Aprili 2020 yalitufundisha hapa Uvira kwamba nyumba na vyote vilivyomo vinaweza kuondoka usiku mmoja. Kopi moja ikae nje ya nyumba yako.

9. KAMA SI MABORESHO

Tuseme ukweli pia: si kila uzito ni maboresho. Kama umemaliza yote hapo juu, mashini inasema "Vous êtes à jour", na bado ni nzito, angalia vitu vitatu.

Diski. Kama Disque inapanda 100 kwa jambo dogo tu, hiyo sahani inayozunguka imechoka au imezidiwa. Kubadilisha na diski ya SSD ndiyo pesa inayoleta nafuu kubwa kuliko zote kwenye mashini ya okazioni, kuliko hata kununua mashini ingine ya okazioni yenye diski ya sahani. SSD haina kasindano, mafaili madogo maelfu hayaisumbui. Maboresho yenyewe yanamalizika haraka zaidi, na hiyo inapunguza hatari ya umeme kukatika katikati.

RAM. Ikiwa giga 4, na Mémoire iko juu ya 85 kwa mia, Chrome yenye madirisha 20 ndiyo mzigo. Funga, au ongeza RAM.

Toleo. Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft iliweka mpango wa kuongeza maboresho ya usalama ya mwaka mmoja kwa wanaojiandikisha, mpaka Oktoba 2026. Windows 11 inadai RAM ya giga 4, nafasi ya giga 64, na kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, ambacho mashini nyingi za kabla ya 2016 hazina. Kwa mashini hizo, Linux Mint ni njia ya heshima. Ni ya bure, haihitaji crack, na maboresho yake unayashusha wakati unaotaka wewe. LibreOffice inafungua mafaili ya Word, na sisi wa shamba tunapata R na QGIS bila shida. Ijaribu kwanza kwenye fleshi kabla ya kugusa diski.

Kwa kifupi: leo fungua Gestionnaire des tâches uone nani anakula diski. Leo hiihii weka "connexion limitée" kwa simu yako. Mwezi huu tafuta usiku mmoja wenye umeme. Na kabla hujampa mtu mashini akuformatie, mpelekee maandishi haya asome, na wewe hakikisha memwari yako iko mahali pawili. Wanaodepoze mwaka huu, kazi njema.